Namna Ruzuku na Unafuu wa Kodi Vilivyoathiri Uzalishaji wa Ethanoli Nchini Brazil

Ruzuku ya Serikali huweza kukuza uzalishaji wa nishati mimea kwa muda mfupi, lakini mwananchi aliyenunua gari kwa kuitegemea hubaki na swali moja: itadumu hadi lini? Nchini Brazil swali hilo lilijibiwa kwa gharama kubwa.

Mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda duniani, Serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa kitaifa wa ethanoli ya miwa, maarufu kwa jina la Proálcool. Wenye viwanda walipewa mikopo ambayo riba yake mara nyingi ilikuwa chini ya mfumuko wa bei. Kwa maneno mengine, mkopaji alirejesha thamani pungufu ya aliyoipokea. Shirika la mafuta la umma, Petrobras, liliwahakikishia soko. Mtumiaji naye aliuziwa ethanoli kwa bei iliyopangwa kuwa chini ya petroli, na magari yanayotumia ethanoli pekee yakatozwa kodi ndogo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya magari tisa kati ya kila madogo kumi mapya yalikuwa ya aina hiyo.

Mwaka 1986 bei ya mafuta ghafi iliporomoka. Ruzuku ikawa mzigo kwa Hazina, mikopo nafuu ikakatwa na bei anayolipwa mzalishaji ikabanwa. Muwa uleule hutoa sukari, nayo ilikuwa na bei nzuri nje. Wenye viwanda wakaielekea. Unafuu kwa wanunuzi wa magari, hata hivyo, haukuondolewa. Mahitaji yakaendelea kukua huku uzalishaji ukidumaa, na mwaka 1989 ethanoli ikaadimika vituoni. Wenye magari yasiyoweza kutumia petroli walipanga foleni, na taifa hilo la miwa likalazimika kuagiza ethanoli na methanoli kutoka nje. Imani ya wanunuzi ilivunjika kwa zaidi ya muongo mmoja.

Ilirejea kuanzia mwaka 2003, yalipoingia sokoni magari yanayotumia petroli, ethanoli au mchanganyiko wake. Sasa dereva huamua mwenyewe: kwa kuwa ethanoli ina nishati kidogo kwa lita, humfaa ikiwa bei yake haizidi takriban asilimia 70 ya bei ya petroli. Serikali nayo hutegemea zaidi tofauti ya kodi na sharti la kuchanganya, ambalo tangu Agosti 2025 ni asilimia 30 ya ethanoli katika petroli. Sharti hilo haliigharimu Hazina moja kwa moja. Ethanoli inapopanda bei, anayelipa tofauti ni mteja kwenye pampu.