Roboti Inayotembea: Historia Fupi ya Mota Ndogo

Ndugu zangu wa Rubongi, Malaba na Busia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, huniuliza mtu mzima aliyehamia Uingereza anatafuta nini katika maboksi ya roboti za plastiki zilizotengenezwa Japani miaka ya 1980. Natafuta mota. Roboti ninazokusanya huja vipandevipande. Unaziunganisha kwa mkono, unatia betri, nazo zinatembea.

Mota hiyo si ngeni kwetu. Redio kaseti ikifa na fundi akaikatia tamaa, watoto walikimbilia kile kijimota cha duara kilichokuwa kikizungusha kaseti. Waliokota mawe ya redio, yaani betri, yaliyotupwa, wakayaanika juani yarudishe nguvu kidogo, wakaunga nyaya mbili na kuchomeka pangaboi la bati. Gari la waya lenye matairi ya malapa lilisukumwa kwa fimbo, lakini aliyefaulu kulifunga mota likaenda lenyewe alijulikana kijiji kizima. Nyingi za betri hizo zilikuwa Eveready, zilizotoka katika kiwanda cha Nakuru kilichofanya kazi tangu 1967 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Upande wa Tanzania kulikuwa na National, za kampuni ya Kijapani ya Matsushita iliyoanzisha kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966.

Wajapani nao walianza na makopo. Desemba 1945, miezi michache baada ya kushindwa vitani, fundi Kosuge Matsuzo wa mji wa Otsu alitengeneza kigari cha Jeep kwa bati la makopo yaliyotupwa na wanajeshi wa Marekani. Kiliuzwa Kyoto kwa yen 10, na watu wakavigombania. Naikumbuka habari hii kila ninaposikia mtu akidharau mtoto anayechezea kopo. Nchi iliyokuwa haina chakula cha kutosha iliona thamani katika kazi hiyo, ikaijengea viwanda.

Hatua iliyofuata ni ya Mabuchi Kenichi, aliyebuni mota ndogo ya sumaku yenye nguvu na bei nafuu. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1954, ikauzia viwanda vya vitu vya kuchezea na baadaye vya redio na kaseti. Mwaka 1961 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka ilitoa kifaru cha Panther cha kuunganisha, kinachotembea kwa mota. Ukubwa wake, yaani sehemu moja ya 35 ya kifaru halisi, haukutokana na hesabu za wanajeshi. Walihitaji tu nafasi ya kuingiza betri! Hadi leo kipimo hicho ndicho kinachotawala mifano ya magari ya kivita duniani kote.

Roboti zilikuwa njiani. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Imai ilikuwa ikiuza Tetsujin 28, roboti wa hadithi za katuni za Yokoyama Mitsuteru, akiwa na mota tumboni. Halafu mwaka 1980 kampuni ya Bandai ikatoa roboti Gundam kwa yen 300, bila mota kabisa, na soko zima likamfuata. Wenzao wa kampuni ya Tomy walishika njia yao ya roboti zinazotembea. Mwaka 1982 walileta wanyama wa mitambo walioitwa Mechabonica, na mwaka 1983 wakawapa jina la Zoids.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Zoids hazitaki gundi: vipande hubanana, na viungo hushikiliwa na vifuniko vidogo vya mpira. Zile ndogo hujazwa kwa mkono kama saa za zamani, kubwa hutumia betri. Mota huzunguka kwa kasi ambayo hakuna mguu ungeistahimili, kwa hiyo giya kadhaa huipunguza, kisha vipande vilivyopinda hugeuza mzunguko kuwa hatua. Mbunifu alilazimika kuanza na hilo sanduku la giya, ndipo amvike mnyama juu yake. Mifupa na mabomba yao yako nje. Gojulas wa mwaka 1984, aliyeuzwa Uingereza kwa jina la Zoidzilla, hutembea huku akifungua kinywa. Waingereza walizipenda kiasi kwamba mwaka 1986 zilipata jarida la katuni pamoja na Spider-Man, na baadhi ya hadithi ziliandikwa na Grant Morrison. Kwa hiyo hata leo hujitokeza katika minada ya vitu vya mitumba huku.

Uzalishaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukarudi mwaka 1999 pamoja na filamu za katuni za televisheni. Tomy iliungana na Takara mwaka 2006. Matoleo ya Kotobukiya ya siku hizi yana sura nzuri kuliko yale ya kale, lakini hayatembei, na mimi sinunui.

Ukitaka kununua ya zamani, fungua kwanza kifuniko cha betri. Ukungu wa kijani au mweupe kwenye vyuma maana yake betri ilivuja. Siki kwenye kipamba huusafisha mara nyingi, ila waya uliokwisha kuliwa hubadilishwa. Bonyeza vile vifuniko vya mpira, kwani hukauka na kupasuka. Plastiki nyeupe hugeuka njano kwa miale ya jua, na hilo halizuii mwendo. Boksi ambalo halijafunguliwa ni ghali zaidi, na wapo wanaoliacha hivyo miaka yote. Mimi hulifungua, nikaunganisha roboti, nikaitembeza mezani, kisha nikatoa betri kabla ya kuirudisha kabatini.