Sindano ya kila mwezi si jibu la kila hasira

Msomaji, huenda nyumbani mwako yuko kijana ambaye neno dogo tu humtosha kuvunja sahani, kumrukia ndugu yake au kujikata mkono kwa wembe. Saa mbili baadaye analia na kuomba radhi. Hasikii sauti zisizokuwapo, wala maneno yake hayajavurugika. Hapa Kisian, pale njia ya Bondo inapoachana na ile ya Busia, wengine watakwambia ni mapepo, wengine ni bangi.

Yawezekana ni hali ambayo madaktari huiita bodalaini, tatizo la nafsi. Mwenye nayo huishi akihofia kuachwa, mapenzi yake hugeuka chuki kwa siku moja, na mkono humtangulia kabla hajafikiri. Aghalabu, ingawa si kila mara, alipigwa, alinajisiwa au alitelekezwa utotoni.

Akifikishwa kwa daktari amechafukwa, huenda akapewa haloperidoli au klopromazini. Dawa hizi, zilizoanza kutumika miaka ya 1950, hasa ni za saikosisi, yaani maradhi ya kusikia na kuamini yasiyokuwapo. Hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana habari kwayo, na mtu hutulia. Usiku wa vurugu hilo si jambo dogo.

Taabu huanza baadaye. Nimekutana na vijana waliochomwa sindano ya kila mwezi kwa miaka, na hakuna aliyeuliza tena ilianza kwa sababu gani. Shingo hukakamaa, miguu haitulii, na baada ya muda mrefu mdomo huweza kutafuna wenyewe hata dawa ikiachwa. Olanzapini, ambayo ni mpya zaidi, hunenepesha na huweza kuleta kisukari. Na faida? Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2022 haukuona tofauti ya maana kwa wenye bodalaini. Uingereza ilikuwa imeshaelekeza mwaka 2009 kwamba wasiwekwe kwenye dawa hizi kwa muda mrefu.

Kinachosaidia zaidi ni mazungumzo yenye utaratibu. Mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Seattle, Marekani, alichapisha mwaka 1991 matokeo ya njia yake: mgonjwa hufundishwa kuitambua hasira ikipanda, kuuchelewesha mkono, na kuomba anachotaka bila kuvunja kitu. Mwaka 2011 alitangaza kuwa yeye mwenyewe alilazwa ujanani kwa kujiumiza.

Kwetu wenye ujuzi huo ni wachache, lakini uliza. Omba barua ya kumwona daktari wa akili au mshauri nasaha, kwa mfano kupitia hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Mwulize daktari: dawa hii ni ya dalili gani, na tutaipima upya lini? Usiikatize ghafla bila yeye kujua.

Na aliyejikata au kunywa sumu, usimfiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mpeleke hospitali usiku huo huo.