Karavani ya zamani, baridi ya mwezi wa saba na mbabula ya mama mukwe

Mwezi wa sita ukiingia, delege wa sendika anapata ulizo moja kila siku mu kambi: konje yangu ni siku ngapi, na itanifikisha wapi? Mwaka huu ulizo hilo liko nyumbani mwangu pia. Tunatengeneza safari ya Likasi mpaka Kilwa, kwenye ziwa Moero, tukivuta karavani ya zamani iliyotoka Afrika ya Kusini. Wengi wenu munaijua aina ile: kanyumba keupe ka magurudumu mawili, ambamo vikosi vya kutafuta madini vilikuwa vinalala porini. Kazi yao ikiisha, karavani inauzwa ao inaachwa nyuma ya garaji, na kuku zinatagia ndani. Yetu tuliikuta na kuku. Tuliinunua jamaa tatu pamoja, na Land Cruiser ya kuivuta ni ya shemeji.

Sababu ya safari ni mama mukwe. Yaya wake iko Kilwa, hawajaonana tangu miaka 11. Magoti yake imeharibika, na kwa njia ile watu wengi wanasafiri juu ya mizigo ya lori. Yeye alikataa wazi: "Miye sipande tena juu ya lori sawa gunia ya makala." Katika karavani atalala vizuri kila mahali tunaposimama. Ninasema tunaposimama, juu wakati wa kutembea hakuna mutu anayekaa ndani, hata mutoto, hata mama mukwe. Wote wanakaa mu jeep. Kroshe ikiachia, karavani inakwenda peke yake, na aliye ndani hana usukani wala breki.

Tuanze na siku. Sheria ya kazi, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inatoa angalau siku moja ya kazi ya konje kwa kila mwezi mzima, kwa mutu aliyepita miaka 18. Inaongeza siku moja kwa kila miaka mitano kwa patron mumoja. Mwenye miaka 17 ya kazi iko na 12 na 3, ni kusema 15. Siku ya Mungu haihesabiwi, wala siku kuu ya serikali. Na karatasi yoyote inayosema mfanyakazi ameacha haki yake ya konje haina nguvu, hata kama umetia sahihi. Ninayaandika hapa juu kila mwaka kuko mutu anayeniambia wamemupa "ruhusa" ya siku nne na anashukuru.

Kwa siku 15 tunaweza kwenda pole pole, na karavani ya zamani haijui namna ingine. Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa 120 za lami. Siku ya kwanza tutaishia pale, kwa ndugu, hata kama jua lingali juu. Tunataka ubaya wote wa karavani uonekane pale vyuma vya kubadilisha vinapatikana. Lubumbashi mpaka Kilwa kuko karibu kilometa 350, na ukisha kupita Kasomeno ni udongo mwekundu wenye mikunjo sawa bati. Mikunjo ile inalegeza kila musumari. Tumeweka siku mbili kwa sehemu hiyo, na saa kumi ya jioni tunasimama. Mwezi wa saba jua linatua mbele ya saa kumi na mbili, na vumbi la lori wakati wa giza ni ukuta.

Sasa chombo chenyewe. Kule kazini hakuna anayewasha masini kubwa mbele ya kuizunguka na karatasi ya ukaguzi mkononi. Nyumbani watu walewale wanapiga pine teke moja na kusema iko muzuri. Mapine ya karavani yetu yalikuwa na meno yote, juu ilisimama miaka mingi, lakini kauchuku kanazeeka hata kakilala. Kando ya pine kuko namba nne za mwisho zenye kuonyesha wakati ilipotengenezwa: 3409 ni juma la 34 la mwaka 2009. Zetu zilikuwa 3409. Tumeyatoa yote mawili. Fundi alifungua beringi, akaosha mafuta ya zamani yaliyokuwa magumu sawa sabuni, akatia mengine. Njiani, kila kilometa 50, tutasimama na kuweka mkono karibu na kati ya gurudumu: ikiwaka kupita lingine, hatuendelee. Misumari ya magurudumu inakazwa tena wakati huohuo. Chini ya kroshe tumefunga minyororo miwili yenye kupishana sawa musalaba, ili kichwa cha karavani kisianguke chini kroshe ikiachia. Mbao za chini zilizooza tulizitafuta kwa kuchoma na turnevisi, fasi kwa fasi. Ile ya karibu na mlango iliingia sawa ndani ya mukate.

Mlango ule unastahili neno lake. Afrika ya Kusini wanatembea upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa karavani iko kushoto, upande wa majani. Kwetu tunatembea kuume. Ukisimama kando ya barabara, mlango unafungukia katikati ya barabara, mbele ya lori za cathode na za asidi. Mutoto anayetoka mbio kwenda kukojoa anashukia chini ya gurudumu. Kwa hiyo kando ya barabara hakuna kufungua. Tutafungua tu mu kiwanja ya misioni, ya masomo ao ya shefu wa mugini, kisha kuomba.

Mizigo: vizito vinakaa chini, juu ya ekseli, na kidogo mbele, mpaka kroshe ibebe karibu sehemu moja juu ya kumi ya uzito wote. Ukiweka gunia za unga nyuma kabisa, karavani inaanza kutikisa mukia. Ikianza, shofere asikanyage breki na nguvu, asiongeze mwendo, asipigane na usukani. Anatoa mguu na kushika sawa mpaka itulie. Shemeji amekubali 60 kwa lami na 30 kwa udongo. Ameyasema mbele ya bibi yangu, basi kuko shahidi.

Inabaki baridi, na hapa njo tulibishana sana. Wakati huu wa kipwa, huku juu kwetu, usiku unaweza kushuka chini ya digri 10. Kilwa kwenyewe ni nafuu, ziwa liko chini ya metre 1000, lakini tunalala njiani mbele ya kufika. Mama mukwe alikwisha kupanga: mbabula ndani, katikati ya vitanda, makala yenye kuwaka vizuri, mlango kufungwa. Alisema ataiingiza tu wakati moshi imekwisha.

Wazee waliotumika chini Kipushi na Kamoto wanajua namna jibu linavyokuwa. Makala nyekundu isiyo na moshi njo yenye kuua. Inatoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi, haina harufu, haikohoze mutu. Inakamata damu mara 200 kupita hewa nzuri. Kichwa kinauma kidogo, miguu inalegea, usingizi unakuja, na mutu anafikiri ni uchovu wa safari. Mu mashimo ya Uingereza walikuwa wanashuka na kandege kanari, tangu mwisho wa karne ya 19 mpaka 1986, juu kalikuwa kanaanguka mbele ya mutu. Karavani yetu haina kanari. Urefu wake ni metre nne, upana mbili, na dirisha lililofunguliwa vidole viwili haliokoe mutu. Kule chini tunadai mupepo kwa patron, tunafanya mugomo juu yake. Ndani ya karavani patron ni sisi.

Lakini mutu hasimame mbele ya mama mukwe na kumuambia hapana. Maneno yalipita kwa bibi yangu, na jibu likarudi kwa njia ileile: "Basi anipashe moto na maneno?"

Tumemupasha hivi. Karton na mikeka chini ya godoro, juu baridi ya karavani inatoka chini, hewa inapita pale. Blanketi mbili na kofia ya sufu. Bukari ya moto mbele ya kulala. Maji ya moto mu chupa ngumu, yenye kufungwa na kitambaa, moja kwa miguu na moja kwa magoti. Tulipima usiku tatu hapa kwenye kiwanja, yeye na wajukuu wawili ndani. Usiku wa kwanza alilalamika. Wa tatu aliomba chupa ya tatu, hakutaja mbabula.

Mbabula itasafiri, itapikia inje, mbali na karavani, pahali tumefyeka na kukokota udongo duara nzima, juu majani ya mwezi wa saba inashika moto kwa cheche moja. Kisha kupika inamwangiwa maji.

Kwa kurudia, mapatano ni gunia mbili za chisense kwa jamaa zote tatu, nazo zitakaa juu ya ekseli. Mama mukwe anasema yaya wake hataweza kumuacha aende na gunia mbili tu. Ya tatu itapanda lori.