Gereji haihitaji sakafu ya kung'aa

Sampuli ya rangi ya sakafu dukani huwa kavu, safi, tena imewekwa chini ya taa. Gereji ya nyumbani haiko hivyo. Wakati wa masika gari huingia likichuruzika maji, maji yakachanganyika na matone ya oili na vumbi la matairi, na juu ya mchanganyiko huo hupita watu ambao mikono yao haiko huru: mmoja kabeba mifuko ya sokoni, mwingine mtoto, na bibi anashuka garini akitafuta pa kukanyaga. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji si la rangi wala la mng'aro. Ni je, sakafu hii ikilowa itamshika mtu? Hoja yangu ni kwamba mshiko huo hauletwi na rangi yenyewe, hata iwe ya bei gani. Unaletwa na punje zilizofungwa ndani ya rangi na zege lililoandaliwa chini yake, na huko ndiko fedha za mwenye nyumba zinapaswa kwenda kwanza.

Mtu anapotembea, kisigino hutua kabla ya sehemu nyingine ya mguu, tena kwa ukingo wake wa nyuma, na uzito wa mwili hukifuata papo hapo. Maji yaliyo kati ya soli na sakafu yakipata pa kukimbilia, soli inagusa sakafu na hatua inakamilika. Yakikosa, yanabaki kama utando mwembamba unaoibeba soli, na mguu unakwenda zake. Mamlaka ya Afya na Usalama Kazini ya Uingereza, ambayo imelichunguza suala hili kwa miaka mingi, huchukulia kwamba kwa maji safi sakafu inahitaji vinundu vya takriban mikroni 20 kutoka kilele hadi bonde. Ni kitu kidogo kuliko unene wa unywele. Lakini kimiminika kikiwa kizito, kama oili ya injini, ukwaruzo unaotakiwa hupanda mara kadhaa. Rangi ya epoksi isiyo na punje hujisawazisha yenyewe kabla ya kukauka, ikafunika kila kinundu cha zege. Ule uso kama kioo unaosifiwa ndio uliopoteza mabonde ambayo maji yangekimbilia.

Vipimo vipo, ila visomwe kwa makini. Alama za Kijerumani zinazoanza na herufi R hupatikana kwa kumtembeza mtu aliyevaa buti za kazi juu ya ubao uliopakwa oili ya injini, ubao ukiinuliwa polepole hadi aanze kuteleza. R9 husikika kama alama ya juu, kumbe ndiyo ya chini kabisa: inaanzia mwinamo wa nyuzi 6 tu. Ngazi hupanda hadi R13, inayovuka nyuzi 35. Kipimo kingine ni cha pendulamu, ambapo kipande cha raba huburuzwa juu ya sakafu iliyolowa. Waingereza huhesabu 36 na kuendelea kuwa hatari ndogo, na chini ya 25 kuwa hatari kubwa. Kwa nyumba zetu naona cha pendulamu kina maana zaidi, kwa sababu hakuna anayekwenda kutoa mboga kwenye buti ya gari akiwa amevaa viatu vya usalama. Watu huenda na ndala, au peku. Karatasi ya kiufundi ya rangi ikitaja namba ya sakafu kavu peke yake, haijajibu swali.

Punje zenyewe hazilingani. Mchanga wa silika uliokaushwa na kuchekechwa hufanya kazi vizuri na hauna gharama kubwa. Punje za oksidi ya alumini ni ngumu zaidi (9 kwa kipimo cha Mohs, silika ikiwa 7), kwa hiyo hustahimili pale matairi yanapopita kila siku kwenye mistari ileile miwili. Mchanga wa ufukweni usiguswe kabisa: una chumvi inayovuta unyevu, na vipande vya makombe ni laini. Namna ya kuziweka nayo ina uzito. Fundi akizikoroga ndani ya ndoo, nyingi huzama na kutua bila mpangilio, sehemu moja ikikwaruza, nyingine ikiteleza. Njia bora ni kupaka mkono wa kwanza, kisha kuzirusha juu kidogo zikiwa nyingi, zidondoke kama mtama unaomwagiwa kuku, mpaka rangi isionekane. Ikikauka, zilizolegea zinafagiliwa na mkono wa juu unapakwa kwa rola. Mkono huo ukiwa mzito mno, unazika kazi yote.

Hata punje bora zitabanduka pamoja na rangi kama zege halikuandaliwa. Sakafu nyingi zimepigwa niru, uso laini ambao rangi haipati pa kung'ang'ania. Usagwe kwa mashine, na fundi avae barakoa, kwa kuwa vumbi la silika huharibu mapafu. Zege jipya lisubiri siku 28. Lingine la kuangaliwa, hasa Pwani, ni unyevu unaopanda kutoka ardhini pale ambapo naironi haikutandikwa kabla ya kumwaga zege. Bandika kipande cha plastiki cha sentimita 45 kwa 45, uzibe kingo zote kwa gundi ya utepe, uache usiku mzima: kikionyesha matone chini yake, au zege likawa jeusi, rangi isubiri. Siku ya kupaka, anza jua likishakausha umande lakini kabla ya joto la mchana, kwani hadina (kigumishi cha epoksi) ikishachanganywa na resini, joto hupunguza muda wa kufanyia kazi.

Wapo watakaosema sakafu ya kukwaruza haipigiki deki. Ni kweli tambara hukwama. Gereji, hata hivyo, haisafishwi kama sebule: ufagio mgumu, sabuni inayoyeyusha mafuta na maji ya kusuuza yanatosha. Wengine watasema dawa ni watu kuwa waangalifu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60. Uangalifu haumwongezei mzee nguvu ya kujizuia mguu ukishatoka.

Pingamizi la gharama ndilo zito, nami nalikubali kwa sehemu. Kusaga, praima, punje na mikono miwili ya rangi ni fedha nyingi. Asiyenazo nisingemshauri anunue epoksi rahisi isiyo na punje. Aiache epoksi kabisa. Anayejenga sasa amwambie fundi asipige niru gerejini, bali asawazishe zege, alipe mteremko mdogo kuelekea mlangoni, kisha kabla halijakaza alipitishie ufagio wa chelewa kukata njia ya miguu. Zege hilo litanyonya oili na kupata madoa, lakini litashika. Mwenye niru ya zamani anaweza kulipia kusaga peke yake, rangi ikasubiri mwaka mwingine. Na anayeweza kulipia kazi nzima adai kwanza kipande cha mfano cha mita moja kwa mita moja kwenye kona ya gereji yake, kipakwe na kukauka, kimwagiwe maji ya sabuni, kisha akisugue kwa soli ya ndala zilezile zinazovaliwa nyumbani kabla ya kukubali fundi aendelee na eneo lililobaki.