Kuwasha Kumekwisha, Lakini Fangasi Bado Ipo



Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama wafugaji, mkutano ulichelewa kuanza kwa sababu mwekahazina hakuwa amefika. Tulimkuta kwake amekaa, mguu umevimba mpaka kwenye muundi, hawezi kuvaa kiatu. Ng'ombe alikuwa amekamuliwa na jirani. "Ni hii fangasi tu ya vidole," akatuambia. "Nimepaka dawa mara tatu, na kila mara inarudi."

Tukamwuliza alipaka kwa siku ngapi. "Mpaka ikaacha kuwasha. Siku nne, tano hivi."

Hapo ndipo shida ilipo. Tumeona hali hii katika vikundi vingi, kwa hivyo hebu tuielewe pamoja.

UGONJWA HUU NI NINI?

Fangasi ni kiumbe hai, jamaa ya ule ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka. Hula ngozi ya juu, na hupenda mahali penye joto, giza na unyevu. Ndani ya gambuti mna vyote vitatu. Anayevaa gambuti toka alfajiri, akikamua na kukata majani ya nepia, hupatwa kwa urahisi. Si laana, wala si lazima mtu awe mchafu. Hata anayeoga kila siku huipata kama hakaushi katikati ya vidole.

Mara nyingi huanzia kati ya kidole cha mwisho na kinachokifuata. Ngozi huwa nyeupe, laini, hubambuka, hupasuka na kuwasha. Wengine hutoka malengelenge, na wengine nyayo hukauka na kutoa maganda kama unga. Tusiichanganye na funza, ambaye huonekana kama kidoa cheusi katikati ya kivimbe.

TUITIBU VIPI?

Fangasi ni kama sangari shambani. Ukikata majani na kuacha mizizi, mvua ikinyesha inachipuka tena. Kuwasha kukiisha, ni majani tu yamekatwa.

1. Osha miguu kwa maji na sabuni, kisha kausha kila kidole.
2. Paka krimu ya klotrimazoli asubuhi na jioni, kupita kidogo pale palipoathirika. Halafu nawa mikono.
3. Endelea wiki 2 baada ya ngozi kuonekana imepona. Kwa kawaida ni kama wiki 4 kwa jumla.

Mafuta ya Whitfield pia hufanya kazi, lakini huchoma sana kwenye kidonda kibichi. Krimu ya terbinafini huchukua muda mfupi zaidi. Fuata maagizo ya mwenye duka la dawa.

Tujihadhari na zile krimu za "kutibu kila kitu" zenye steroidi kama betamethasoni. Hutuliza kuwasha upesi, lakini hudhoofisha kinga ya ngozi, na fangasi huenea chini kwa chini. Petroli, asidi ya betri na kukwangua kwa wembe ni kujiumiza bure.

KWA NINI MGUU ULIVIMBA?

Ule ufa kati ya vidole ni mlango ulioachwa wazi. Bakteria waliingia humo. Ukiona mguu unavimba, wekundu au joto linapanda, usaha, homa, au tezi za kinena zinauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye ugonjwa wa sukari asijitibu nyumbani. Aonyeshe mguu mapema, hata ufa ukiwa mdogo. Kucha zikiwa nene na za manjano, krimu pekee mara nyingi haitoshi. Muone daktari.

TUIZUIE VIPI?

- Kausha katikati ya vidole kila unaponawa.
- Vua gambuti kazi ikiisha. Zianike zikauke hata ndani.
- Badilisha soksi kila siku. Zikiloa, badilisha mara moja.
- Usiazimane gambuti, soksi wala taulo.
- Vaa slipa katika bafu la watu wengi.
- Ukiwa na fangasi, vaa soksi kabla ya chupi, isije ikapanda kinenani.
- Kama kuna mwingine nyumbani anayewashwa, mtibiwe pamoja.

Yule mwekahazina alipelekwa hospitali, akatibiwa, lakini alikaa wiki mbili bila kushika kazi. Safari hii alipaka krimu mpaka mwisho. Bei ya tyubu moja ya krimu ni ndogo kuliko maziwa ya siku hizo zote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuacha dawa kuwasha kulipoisha? Nini kilifuata?
2. Nyumbani kwetu, gambuti moja huvaliwa na watu wangapi?
3. Je, kikundi kinaweza kuweka akiba kidogo ili kila mwanachama amalize dawa yake?