Mlango Usizibwe na Vitu

Tukitembelea vikundi wakati wa mvua, mara nyingi tunakuta mlangoni jembe, panga, gambuti zenye matope na dawa ya kupulizia mimea, vyote pamoja. Mtoto akitoka usiku kwenda choo, anajikwaa penye panga. Haya basi, tufanye hivi. Kwenye ukuta wa baraza pigilieni ubao wenye misumari mirefu, juu mtoto asipofikia. Hapo tundikeni jembe na panga. Chini mwageni kokoto za kukung'utia matope, na kando wekeni benchi ya kuvulia viatu, pamoja na maji na sabuni. Lakini dawa isikae hapo kamwe: ifungiwe kwa kufuli, mbali na chakula. Tukisaidiana, kila boma ni kazi ya siku moja tu.