Kisukari: Tembe iliyotoka katika udongo wa Ruiru

HEBU nikuulize swali. Shamba la kahawa la Ruiru, tembe ya kisukari na kile kijikaratasi cha kupimia sukari kwenye damu vina uhusiano gani? Mimi mwenyewe, licha ya kusomea udaktari na kutibu wagonjwa kwa miaka mingi, singekujibu vyema mpaka usiku mmoja ambapo uzembe wangu nusura umwue mtu.

Mtu huyo ni fundi wa magari katika jua kali ya Ziwani, hapa Nairobi. Ameniruhusu nisimulie kisa chake mradi nisitaje jina lake. Ana kisukari cha aina ya pili, na kwa miaka kadhaa alikuwa akitumia tembe za glibenklamidi, ambazo hulazimisha kongosho kutoa insulini zaidi. Kwa kuwa sukari yake ilikuwa ikipanda mno kila baada ya mlo, nilimwongezea dawa nyingine iitwayo akabozi.

Jioni moja fundi alirudi nyumbani, akamenya embe lililoiva, akala kipande kimoja, akajifuta mikono kwa kitambaa, kisha akajipima. Mashine ikasoma 18.6. Akashtuka! Papo hapo akameza tembe moja zaidi ya glibenklamidi, na kwa kuogopa sukari kuzidi kupanda, akakataa chakula cha usiku.

Ilipofika saa nne usiku alianza kutokwa na jasho, kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Mkewe alikuwa amesikia mara nyingi kwamba mgonjwa wa kisukari akiwa hivyo apewe kitu kitamu. Akampikia chai na kutia vijiko vinne vya sukari. Robo saa ikapita, kisha nusu saa, bila nafuu yoyote. Majirani wakambeba hadi kwenye kliniki yangu. Nilipompima sukari ilikuwa 2.1, kiwango cha hatari. Nikamtia glukosi kwenye mshipa, na baada ya dakika chache akafungua macho na kuniuliza, "Daktari, hii gari ni ya nani?"

Tulicheka, lakini mkewe hakucheka. Aliniuliza, "Daktari, mimi nilimpa sukari. Mbona sukari haikumsaidia?"

Mama huyo hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Nilimwandikia mumewe dawa bila kueleza jinsi inavyofanya kazi. Leo nataka nilipe deni hilo kwako wewe msomaji, na ili nilipe vizuri sina budi kukupeleka kwanza Ruiru.

BAKTERIA WA SHAMBA LA KAHAWA

Mvua ya kwanza inaponyesha baada ya kiangazi, udongo hutoa harufu ambayo kila mtu huijua. Harufu hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na kemikali inayotengenezwa na bakteria wanaoishi ardhini. Ukoo wa bakteria hao ni mkubwa, na ndio uliowapa madaktari dawa nyingi sana. Streptomaisini, dawa ya kwanza kabisa ya kuua viini vya kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongo.

Mwaka 1970, kampuni ya dawa ya Bayer ya Ujerumani ilikuwa ikichunguza vijidudu vya udongo kutoka sehemu mbalimbali. Katika udongo uliotoka kwenye shamba la kahawa karibu na Ruiru, mwendo mfupi tu wa matatu kutoka Ziwani, alipatikana bakteria wa jamii ya Actinoplanes, akapewa nambari SE50. Bakteria huyo hutengeneza kitu kinachozuia wanga usisagwe. Kitu hicho ndicho akabozi. Wanasayansi waliieleza katika majarida mwaka 1977, na mwaka 1990 ikaanza kuuzwa Ujerumani kama dawa ya kisukari.

Kiwandani, dawa hii haichanganywi kwa kemikali tupu. Vizazi vya bakteria yule wa Ruiru hulishwa ndani ya mapipa makubwa, kama vile hamira inavyofanya kazi kwenye pombe, kisha dawa ikachujwa. Mwaka 2012 watafiti walichapisha ramani kamili ya chembe za urithi za kizazi kimoja cha bakteria huyo. Ina herufi zaidi ya milioni tisa.

MKASI ULIOKWAMA

Sasa tuje kwenye sahani yako. Ugali, chapati, viazi na wali ni wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa chembe za glukosi zilizoshikana. Mwili hauwezi kuufyonza mnyororo mzima. Ni lazima ukatwekatwe kwanza na vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazofanya kazi kama mkasi, ndipo glukosi moja moja ipenye kwenye ukuta wa utumbo na kuingia katika damu.

Akabozi ina umbo linalofanana na kipande cha mnyororo huo. Mkasi huishika ukidhani ni chakula, kisha hukwama. Wanga hukatwa polepole, na sukari huingia katika damu kidogo kidogo badala ya kumiminika kwa kishindo. Ndiyo sababu tembe hii humezwa pamoja na tonge la kwanza la chakula. Ukiimeza saa mbili baada ya kula umepoteza pesa zako bure.

Na hapa ndipo lilipo jibu la mama yule wa Ziwani. Sukari ya dukani, ile tunayotia kwenye chai, si glukosi tupu. Ni chembe mbili zilizoungana, nazo pia huhitaji mkasi wa utumbo ili zitengane. Mkasi wa mumewe ulikuwa umekwama kwa sababu ya dawa. Chai ilikuwa tamu mdomoni lakini utamu wake ulichelewa njiani. Alichohitaji ni glukosi yenyewe, ile ya unga inayouzwa madukani katika pakiti, ambayo haihitaji kukatwa na chochote.

Akabozi peke yake kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi. Hatari huja inapochanganywa na insulini au dawa kama glibenklamidi.

Nisije nikaeleweka vibaya. Dawa hii si muujiza. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, dawa ya kwanza tunayoanzia ni metformini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa akabozi ilipunguza kwa robo uwezekano wa watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda kuingia katika kisukari kamili. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2017, uliofanywa China kwa watu 6,522 wenye ugonjwa wa moyo na sukari iliyoanza kupanda, haukuonyesha kwamba iliwakinga na mshtuko wa moyo. Aidha, wanga usiosagwa hufika kwenye utumbo mpana na kuchachishwa na bakteria wa huko, hivyo gesi na kuharisha ni malalamiko ya kawaida. Mwenye maradhi ya utumbo au ini amweleze daktari kabla ya kuitumia.

KIJIKARATASI CHENYE UMEME

Swali la pili: je, mashine ilimdanganya fundi? La, hasha. Mashine ilisema kweli, ila ilipima kitu ambacho fundi hakukusudia kipimwe.

Ukinunua matunguu sokoni, pengine umewahi kuona unga mweusi chini ya maganda yake. Huo ni ukuvu uitwao Aspergillus niger, ambao makao yake pia ni udongoni. Mwaka 1928 mwanasayansi Detlev Müller aligundua katika ukuvu huo kimeng'enya kinachoshambulia glukosi na kuacha sukari nyingine. Mwaka 1962 Wamarekani Leland Clark na Champ Lyons wakaeleza jinsi ya kukiweka kimeng'enya hicho kwenye kipitisha-umeme ili kipime sukari. Glukosi inapoguswa na kimeng'enya hutoa chembe za umeme ziitwazo elektroni, na glukosi ikiwa nyingi, umeme nao huwa mwingi.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kuzifikisha elektroni hizo kwenye waya. Hapo ndipo wataalamu wa vifaa vinavyopitisha umeme walipohitajika. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa kemikali yenye madini ya chuma ndani yake, iitwayo ferosini, inaweza kuzibeba elektroni kutoka kwa kimeng'enya hadi kwenye kaboni. Kufikia mwaka 1987 mashine ndogo ya namna hiyo, inayotoshea mfukoni, ilikuwa sokoni.

Vijikaratasi vingi vya leo vimechapwa kwa wino wa kaboni juu ya plastiki, kwa mbinu ile ile ambayo mafundi wetu hutumia kuchapa maandishi kwenye fulana. Vingine hutumia tabaka jembamba la dhahabu. Juu yake hupakwa kimeng'enya kilichotokana na ukuvu au bakteria. Tone la damu likigusa, mashine hupima umeme mdogo sana, wa kiwango cha sehemu za milioni moja za ampea, na kuugeuza kuwa nambari.

Nilipomweleza fundi haya alielewa upesi kuliko wanafunzi wengi wa udaktari. "Kumbe ni kama mita yangu ya kupima betri," akasema. "Ikigusa uchafu, inasoma uchafu."

Naam! Kijikaratasi hakijui glukosi imetoka wapi. Maji ya embe yaliyokauka kwenye kidole cha fundi yalichanganyika na tone lile dogo la damu, na mashine ikahesabu yote. Asingekuwa na haraka, angenawa kwa sabuni, akarudia kupima, na usiku ule angelala salama.

JE, TULE UDONGO?

Nimewahi kuulizwa, "Daktari, kama dawa imetoka udongoni, basi odowa ninayokula inanisaidia?" Jibu langu ni hapana. Akabozi ni kitu kimoja kilichotolewa kwa bakteria mmoja, kikasafishwa, kikapimwa kwa miaka mingi. Udongo wa kula una vitu vingi visivyopimwa, na unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini yenye sumu. Tena, tamaa ya kula udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, hasa kwa mama mjamzito. Ukiisikia, nenda ukapimwe damu.

Wengine huuliza Kenya ilipata nini kutokana na udongo ule. Mwaka 1970 hapakuwa na mkataba wa kimataifa uliodai nchi yenye viumbe igawiwe faida. Maandishi ya Mkataba wa Bayoanuwai yalikubaliwa hapa hapa Nairobi tarehe 22 Mei 1992, na mkataba ukaanza kutumika Desemba 1993. Kenya iliweka kanuni zake mwaka 2006. Tangu hapo anayetaka kuchota vijidudu vyetu kwa utafiti hana budi kuomba kibali na kukubaliana kuhusu mgao.

YA KUZINGATIA

Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako ana kisukari, tafadhali shika haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji, kisha ukauke kabisa kabla ya kujipima. Kujifuta tu hakutoshi, hasa baada ya kumenya matunda.

2. Nambari ikikushangaza, nawa na upime tena. Usiongeze dawa kwa sababu ya kipimo kimoja bila kuongea na mhudumu wa afya.

3. Funga kichupa cha vijikaratasi mara tu utoapo kimoja. Unyevu na joto huharibu kimeng'enya. Usikiache kwenye gari lililoanikwa juani wala karibu na jiko. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi.

4. Ukitokwa na jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa, au sukari ikiwa chini ya 4, kunywa glukosi gramu 15 hadi 20 na upime tena baada ya dakika 15. Kama unatumia akabozi, usitegemee sukari ya chai. Unapoikosa glukosi, maziwa au asali yaweza kusaidia, kwa kuwa dawa hii haizuii sukari zake.

5. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni. Mkimbize hospitali. Hata anayepata nafuu, kama anatumia glibenklamidi, apelekwe, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena.

6. Usiruke mlo baada ya kumeza dawa inayoshusha sukari.

7. Muulize daktari wako kila dawa inafanya kazi vipi, na uingiane vipi na zile nyingine. Akiwa na haraka, muulize tena. Mimi nilikuwa na haraka siku ile.

Juzi nilipita Ziwani kumjulia hali fundi wangu. Alinifungulia sanduku lake la vifaa. Kando ya spana na bisibisi palikuwa na kipande cha sabuni, na chini yake pakiti ya glukosi iliyofungwa vizuri ndani ya karatasi ya nailoni. Vijana wake wote watatu wa gereji, akaniambia, wanajua ilipo na ni ya nini. Je, nyumbani kwako wanajua?